Kuionja eli ya kaharabu katika joto la Tanga

Mpwa wangu, anayesoma katika mji wa Corvallis, jimbo la Oregon nchini Marekani, alikuja Tanga mwezi wa Februari akiwa na chupa nne za bia alizokuwa amezizungushia soksi na taulo katikati ya begi, na alipozikabidhi alizishika kwa mikono miwili kama mshenga aliyeleta posa. "Shikamoo Mjomba. Hizi usizinywe kama unavyokunywa Safari," aliniambia. "Hizi zinaonjwa." Kauli hiyo ilinikera kidogo, maana nilifundisha kemia kwa miaka 31 na sikumbuki kinywaji nilichowahi kukimeza bila kukionja. Hata hivyo nilizipokea, nikaziweka kwenye friji, kisha nikaanza kutafuta kipimajoto changu cha maabara, ambacho tangu nistaafu kazi yake ilikuwa kupima maji ya kuwaogesha wajukuu.

Jina la kiwanda sitalitaja. Ni kiwanda kidogo, cha watu wachache wanaopika bia kwa mapipa ya kuhesabika, na chupa nne zilizovuka bahari si ushahidi wa kutosha wa kumpa mtu lawama hadharani; kuhusu sifa, wahenga wetu walishatuonya juu ya mgema. Lebo ilisema Amber Ale, kileo asilimia 5.6, uchungu vipimo 32 vya IBU, yaani takriban miligramu 32 za asidi chungu katika kila lita. Mimi nitaiita eli ya kaharabu, kwa sababu kaharabu ni neno ambalo watu wa pwani walikuwa nalo kabla ya chupa ya kwanza ya bia kushushwa bandarini, wakilitumia kwa zile shanga zenye rangi ya asali iliyokolea.

Kwa asiyeifahamu, eli ni bia iliyochachushwa kwa hamira inayopenda joto la wastani, kwa kawaida kati ya nyuzi joto 18 na 22, ilhali laga huchachushwa kwa hamira ya aina nyingine, kwenye ubaridi wa nyuzi 8 hadi 13, kisha ikalazwa baridini kwa majuma kadhaa. Hamira ya eli huacha nyuma harufu za matunda; ya laga huacha kinywaji kikiwa safi na kimya. Safari, Kilimanjaro, Serengeti na Ndovu, yaani karibu kila kinachouzwa kwenye grosari za Ngamiani, ni laga, na kwa hiyo mnywaji wa Tanga anaweza kufikisha uzee akiwa amekunywa bia maisha yake yote bila kuigusa eli hata mara moja. Eli ya rangi hii ilipata umbo lake katika viwanda vidogo vya Marekani ya magharibi katika miaka ya 1980, na kinachoitambulisha ni mambo mawili yanayovutana: kimea cha karameli, ambacho ni shayiri iliyooteshwa, ikapashwa moto ingali mbichi mpaka wanga wake ukageuka sukari ndani ya punje, kisha ikakaangwa, na hopsi za Kimarekani, yaani maua ya mmea yanayoipa bia uchungu na harufu, hasa ile iitwayo Cascade, ambayo ilizalishwa na watafiti papo hapo Corvallis na kutolewa kwa wakulima mwaka 1972. Mpwa wangu hulitaja jambo hilo la Corvallis mara kwa mara, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelipanda shamba.

Niliamua kuihukumu kwa utaratibu na si kwa hisani. Kuna chama cha mafunzo ya waamuzi wa bia, BJCP, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1985, na karatasi yake ya alama inapatikana kwa yeyote: harufu alama 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya kinywani 5, na mvuto wa jumla 10, jumla 50. Kwa mwalimu mstaafu karatasi ya namna hii ni faraja kubwa. Bia inayopata kati ya 21 na 29 huhesabiwa kuwa nzuri, kati ya 30 na 37 nzuri sana, na kuanzia 38 mtu anaanza kuzungumzia umahiri. Aina hii inatarajiwa kuwa na kileo cha asilimia 4.5 hadi 6.2 na uchungu wa IBU 25 hadi 40, kwa hiyo chupa yetu, angalau kwa maandishi ya lebo, ilikuwa ndani ya mipaka.

Tulikaa kwenye baraza ya nyuma, ambako hatumkwazi jirani asiyetumia, saa kumi na moja jioni, upepo wa kaskazi ukivuma kwa uvivu na kipimajoto kikisoma nyuzi 30 kivulini. Bilauri nilizisuuza kwa maji matupu mara tatu, kwa sababu sabuni iliyobaki huua povu, nikaimimina chupa ya kwanza ikiwa imetoka moja kwa moja kwenye friji, nyuzi 4. Rangi ilinifurahisha: ilikuwa ile ya chai ya rangi iliyokolea vizuri, yenye wekundu pale mwanga wa jua la jioni ulipopita, na nyuma yake niliona vidole vyangu bila ukungu. Povu lilipanda likiwa na weupe wa tui lililotiwa sukari guru kidogo, lakini halikudumu. Baada ya dakika mbili lilikuwa limebaki pete nyembamba pembeni. Alama 2 kati ya 3.

Nikanusa. Hakukuwa na kitu. Nikaizungusha bilauri, nikaifunika kwa kiganja, nikanusa tena, na kilichonijia ni harufu ya baridi yenyewe na kitu cha mbali kama mkate. Kwenye ulimi uchungu ulitangulia, ukafuatwa na uchungu mwingine, na utamu wa karameli ulioahidiwa haukutokea popote. Niliandika 5 kwa harufu, 11 kwa ladha, 3 kwa hisia ya kinywani na 5 kwa mvuto wa jumla, nikajumlisha 26, na nikampa mpwa wangu karatasi bila kusema neno. Aliisoma kama mwanafunzi anayeamini kuwa msahihishaji amekosea. "Mjomba, iache kwanza," alisema. "Hiyo iliyobaki kwenye bilauri, iache."

Hapa ndipo nilipopaswa kuwa nimefikiri kabla ya kuambiwa na mtoto. Harufu ni chembe zinazoruka, na chembe zilizopozwa huruka kwa shida. Nimelieleza darasani kwa mfano wa marashi zaidi ya mara mia. Tena ulimi uliopoa haupokei utamu vizuri, wakati uchungu unaendelea kupita, kwa hiyo bia iliyotengenezwa ili karameli na hopsi vipimane nguvu inakufikia ikiwa imekatwa mkono mmoja. Nilikuwa nimeihukumu bia ikiwa imezibwa mdomo.

Tulikichomeka kipimajoto ndani ya bilauri tukaanza kukitazama, jambo ambalo lilimfanya mke wangu apite mara mbili akijifanya anaanua nguo. Katika hewa ya nyuzi 30 bia haingoji sana: dakika kumi na nane baadaye ilikuwa imefika nyuzi 11, na niliponusa mara hiyo nilirudisha bilauri mezani ili nifikiri kwanza. Harufu ya kwanza ilikuwa ganda la balungi, lile la nje lenye mafuta, mafuta hayo yanaporushwa hewani kwa kulikunja ganda baina ya vidole. Nyuma yake palikuwa na utomvu wa msonobari, na aliyewahi kupita kwenye misitu ya kupandwa ya Shume, kule Lushoto, asubuhi yenye umande, ataijua bila kuelezwa. Ndani kabisa ya ganda na utomvu palikuwa na sukari iliyo jikoni, katika ule muda mfupi ambao mpishi wa kashata anajua akigeuka kumjibu mtu itaungua. Nyingi ya harufu hizi za hopsi zinatokana na mafuta yake, ambamo mna kemikali iitwayo mirsini, na hiyo hiyo imo ndani ya embe na mchaichai. Ndiyo maana pua ya mtu wa Tanga haipotei hapa, ingawa mmea wenyewe hauwezi kuota vyema kwetu. Hopsi hutaka siku ndefu za kiangazi, na Corvallis mwezi wa Juni hupata mwanga wa zaidi ya saa 15 kwa siku, wakati sisi tuliopo nyuzi 5 kusini mwa ikweta tuna saa 12 zetu, kasoro au na ziada kidogo, mwaka mzima.

Ladha nayo ilikuwa imefunguka. Utamu ulitangulia, si wa sukari iliyokorogwa bali wa ukoko wa wali wa nazi, ule wa rangi ya dhahabu iliyokoza. Katikati ya ulimi uchungu uliingia taratibu ukaufunga utamu kabla haujachosha, na mwisho ukawa mkavu kiasi cha kumfanya mtu ahitaji fundo jingine. Hamira ilikuwa imeacha tunda dogo, kama zabibu kavu, ambalo nilihitaji mafundo matatu kulithibitisha.

Wakati wa kuyaandika hayo nilipata shida ambayo si ya bia bali ya lugha, au tuseme ya uvivu wetu katika lugha. Mtu wa baa akionja kitu chenye nguvu husema "kali", na neno hilo moja linabebeshwa mizigo minne: uchachu wa tembo la juzi, uchungu wa shubiri, moto wa kileo unaoshuka kooni, na ukakasi unaokunja ulimi kama bibo lisiloiva. Maneno yenyewe tunayo yote, kila moja na mahali pake, ila hatuyaiti kazini. Eli hii ilikuwa na uchungu, naam, lakini uchachu haikuwa nao hata chembe, moto wa kileo haukusikika, na ukakasi ulikuwa mdogo sana mwishoni, wa kimea kilichokaangwa kuliko wa hopsi. Anayesema "kali" akanyamaza hajaihukumu bado. Niliandika upya: harufu 9, mwonekano 2 palepale, ladha 14, hisia ya kinywani 4, mvuto wa jumla 6. Jumla 35. Kinywaji ni kilekile, bilauri ni ileile, na tofauti ya alama tisa imetokana na nyuzi saba za joto.

Siku ya pili tulimwalika mzee mmoja jirani, ambaye aligema minazi upande wa Pangani tangu ujana wake hadi magoti yalipokataa kupanda, kwa sababu nilitaka pua isiyojua karatasi ya alama. Watu hudhani mgema ni mpandaji tu. Mgema ni mwonjaji: utomvu unaoshushwa asubuhi ni mtamu, hamira za hewani huanza kuula mara moja, jioni unakuwa umeshapata kileo, na ukiachwa siku mbili tatu bakteria huugeuza siki, kwa hiyo anayeuza tembo lazima ajue kwa pua saa ngapi zimepita tangu kibuyu kishuke. (Na hapa niseme kwamba pwani hii ina bahati ya pekee na mnyama yule: kinywaji chetu cha mnazi kinaitwa tembo, kuna bia iitwayo Ndovu, na jirani zetu Wakenya wana Tusker, iliyopewa jina hilo kwa kumkumbuka mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, aliyeuawa na ndovu mwaka 1923.)

Mzee aliipokea bilauri ikiwa nyuzi 11, maana safari hii tuliisubiri. Hakuizungusha. Aliishikilia chini ya kidevu, akapumua kawaida kama mtu anayesikiliza redio, kisha akasema, "Mwalimu, humu mna ganda la balungi na sukari iliyokoswakoswa na moto." Nilimtazama mpwa wangu, naye akanitazama. Alipoonja alikaa kimya kwa muda, kisha akatoa hukumu ambayo sikuweza kuiingiza kwenye kisanduku chochote cha karatasi: kwamba utamu wake ni wa kweli lakini unaondoka mapema, kama mgeni anayeaga kabla ya chakula kuiva. Nilirudi kwenye bilauri yangu kuhakiki na nikakubali. Karameli inaingia kwa kishindo na kutoweka katikati, ikiuacha uchungu ubaki peke yake kwa sekunde kadhaa kabla ya kumaliza. Ni kasoro ya uwiano, ndogo lakini halisi, na ndiyo iliyonizuia kuvuka 14 katika ladha. Kidokezo changu, kwa kubahatisha kwa mtu ambaye hajawahi kupika bia, ni kwamba hamira ilikula sukari nyingi kuliko mpishi alivyotaka.

Ni mzee huyohuyo aliyependekeza chupa ya tatu isiingie friji bali itiwe ndani ya mtungi. Wazo lilinivutia, kwa kuwa mtungi hupoza kwa maji yanayopenya udongo na kukauka kwa nje, na kila tone linalokauka huondoka na joto. Tatizo ni kwamba hewa ya Tanga wakati wa kaskazi imeshiba maji, haina nafasi ya kupokea mengine kwa haraka, na mtungi ambao ungefanya maajabu Dodoma hapa hufanya kazi kwa kusuasua. Baada ya usiku mzima chupa ilikuwa nyuzi 26. Nilipoifungua ilitoa povu likatiririka hadi mkononi, maana maji ya nyuzi 25 huweza kubeba karibu nusu tu ya hewa ya ukaa inayobebwa na maji ya nyuzi 5, na iliyokosa nafasi ilitafuta mlango. Harufu ilikuwepo, tena nyingi, lakini imevurugika, kileo kikiwa mbele ya balungi. Kinywani ilikuwa nzito na bapa, utamu ukigandamana kwenye meno. Alama 25, chini hata ya ile ya friji. Hilo liliniondolea wazo nililokuwa nimeanza kulipenda, kwamba wale wazee wetu wanaoagiza bia ya moto ndio waliokuwa sahihi siku zote. Moto wa London katika chumba cha chini ya baa, ambako eli huhifadhiwa kwenye nyuzi 12 hivi, si moto wa Tanga.

Kuhusu chupa ya nne nitasema machache. Mpwa wangu aliisahau ndani ya buti la gari la rafiki yake kwa siku sita, ikazunguka nalo mjini juani, na tulipoipoza na kuifungua mzee aliweka bilauri mezani kabla ya kuonja. "Hii imelala juani," alisema. Ilinuka boksi lililolowa mvua. Ndiyo alama ya bia iliyoshambuliwa na oksijeni, na joto huliharakisha jambo hilo kwa namna ambayo kila mwanafunzi wangu wa kidato cha nne aliwahi kuiandika kwenye mtihani: nyuzi kumi zaidi, mwendo mara mbili au hata tatu. Sikuipa alama. Kosa lilikuwa la buti, si la kiwanda, na kumhukumu mpishi wa Oregon kwa jua la Barabara ya Ishirini ingekuwa dhuluma.

Basi hukumu yangu ni 35, nzuri sana, kwa masharti ya nyuzi 10 hadi 12. Mpwa wangu anadai 38. Nilimtaka anionyeshe alama tatu hizo zitoke kisanduku gani, akataja povu, nami nikamkumbusha kwamba kisanduku cha mwonekano kina nafasi ya alama moja tu iliyobaki, na kwamba mapenzi ya mji wa Corvallis hayana kisanduku.

Siku mbili kabla hajaondoka tulipita kwenye grosari moja ya Ngamiani, na mhudumu akatuuliza swali linaloulizwa kila baa ya nchi hii: "Ya baridi au ya moto?" Kijana akaanza kumweleza, kwa adabu na kwa kirefu, kwamba angependa ya baridi ila isifunguliwe kwanza, iwekwe mezani kama dakika ishirini. Kabla hajafika kwenye dakika, kizibo kilikuwa kimeshadondoka sakafuni. Ilikuwa Safari, laga, nyuzi 4 au pungufu, na kwa kinywaji hicho dada yule hakuwa amekosea.